Kompyuta Nzito na Mizigo Isiyoonekana

Katika nyumba zetu mara nyingi twasikia maneno haya: "Kompyuta hii imezeeka, tununue nyingine." Yafaa maneno hayo yachunguzwe kabla fedha haijatoka mfukoni, kwani si kila kompyuta nzito imezeeka. Nyingi zimeelemewa tu.

Tuchukue mfano wa nyumba iliyoko Mogitu, wilayani Hanang. Kompyuta ni moja, tena ya mtumba. Baba huwekea hesabu za mavuno, kijana hujisomea mitihani, na binti huandikia barua za madrasa. Ikiwashwa, hukaa muda mrefu kabla haijatii. Mtu wa Hanang ajua kwamba punda akilemewa njiani, jambo la kwanza ni kutazama mzigo wake, si kumpeleka mnadani. Na kompyuta ni vivyo hivyo.

Sababu ya uzito ni hii. Programu nyingi, zikiisha kuwekwa katika kompyuta, huamka zenyewe kila iwashwapo, zikafanya kazi kwa siri ingawa hapana aliyeziita. Zoom, Spotify na OneDrive zaweza kuwa miongoni mwazo. Kila moja huchukua sehemu ya kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM. Kompyuta yenye gigabaiti 4 hujaa upesi. Ikijaa, Windows huazima nafasi katika diski. Na diski ya kuzunguka, iliyomo katika kompyuta nyingi za zamani, ni ya polepole mno kuliko RAM. Hapo ndipo kazi inapokwama.

Dawa yake haina gharama. Katika Windows 10 au 11, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha liitwalo Task Manager. Katika safu ya "Memory" utaona ni programu ipi ilayo zaidi. Kisha fungua sehemu ya "Startup", iliyowekwa humo tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Humo zimeorodheshwa programu ziamkazo zenyewe, na penye neno "High" ndipo penye mzigo mkubwa. Bonyeza jina kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague "Disable". Programu haifutwi, yangoja mpaka uiite. Mwisho, izime kompyuta na kuiwasha upya.

Iko na faida ya pili: baadhi ya programu hizo huvuta intaneti zikiwa zimejificha, na bando la familia likaisha bila mtu kusoma hata ukurasa mmoja.

Lakini yapasa kuwa na hadhari. Usizime kinga ya virusi, wala jina usilolijua, ulizia kwanza. Zima moja moja, uone matokeo. Wala usikimbilie programu zinazotangazwa kuwa husafisha kompyuta. Baadhi yake nazo huamka zenyewe, zikawa mzigo juu ya mzigo.

Na haki isemwe: dawa hii haiponyi kila ugonjwa. Ikiwa kumbukumbu yajaa kwa programu moja tu uitumiayo, hapana budi kuongeza RAM. Tena wepesi si usalama: Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Mwenye kompyuta ya namna hiyo na amwulize fundi mwaminifu juu ya ulinzi wake.

Enyi vijana, kazi hii haimalizi saa moja. Wafanyieni wazee wenu, nanyi mwaonyeshe mfanyavyo. Kutupa chombo kizima kwa sababu ya mzigo uwezao kushushwa ni israfu, na fedha hiyo yaweza kulipa ada ya mtoto.