Michezo ya video: nani anafanya kazi, nani anakula falanga?

Wenzetu wa mgodi, na ninyi mama mulio nyumbani, juma hili hatuongei juu ya kofia wala buti. Tunaongea juu ya mchezo. Watoto wetu wanakaa mbele ya ordinatere mpaka usiku, na wazazi wengi wanaona ni kumaliza umeme bure. Sisi wa sendika tumeangalia michezo hiyo kwa jicho la kazi. Mle ndani kuna wafanyakazi, kuna patro, na kuna ugomvi wa mshahara.

Tutwae mfano wa Skyrim, mchezo wa kompanyi ya Marekani, Bethesda. Ulitoka tarehe 11 Novemba 2011. Unajichagulia mtu wako, unamtembeza katika inchi ya baridi na majoka yanayoruka, unamfundisha upanga ao uchawi. Mwaka 2012 kompanyi iliwapa wachezaji chombo cha kutengenezea, bila kulipa. Tangu pale, mchezaji akiongeza silaha, nyumba ao kijiji kizima, ao akirekebisha kosa ambalo kompanyi iliacha, ile kazi yake inaitwa modi. Modi za Skyrim ni maelfu. Kuna kundi la wachezaji lililokusanya marekebisho ya makosa mamia na mamia, nalo halikuwa kwenye orodha ya mishahara ya mtu yeyote.

Kompanyi iliuza mchezo uleule upya mwaka 2016, tena 2021. Kwa maoni yetu, watu wasingeendelea kuununua hivi kama wale wa modi hawangekuwa wakiupamba kila siku.

Tarehe 23 Aprili 2015, Bethesda na kompanyi Valve, yenye duka la intaneti Steam, wakasema: sasa mwenye modi anaweza kuiuza. Vizuri! Lakini angalieni mgawo. Mwenye kazi anapata 25 kwa mia. Valve inachukua 30, Bethesda 45. Modi ya dolari 4 inamletea aliyeitengeneza dolari 1. Mchimbaji yeyote aliyepeleka gunia lake kwa mnunuzi anaijua hesabu hiyo: mwenye mizani njo anataja bei.

Wachezaji wakawaka. Zaidi ya 100 000 walitia sahihi kupinga, na tarehe 27 Aprili biashara ikafungwa, wanunuzi wakarudishiwa falanga zao. Siku nne tu. Wengi walishangilia, lakini sisi hatukushangilia pamoja nao, maana wengi kati yao walitaka modi ziendelee kuwa bure, na mtengenezaji akarudi kwenye sufuri. Kulipa mtu jasho lake haikuwa kosa. Kosa ni kwamba bei ilipangwa juu, na wale maelfu hawakuwa na delege hata mmoja wa kuwasemea mezani.

Tena falanga ziliingiza ugomvi kati ya wafanyakazi wenyewe. Modi moja ya kuvua samaki iliondolewa upesi sana, kwa sababu ilitegemea kazi ya mtengenezaji mwingine ambaye hakukubali iuzwe. Zamani walikuwa wanaazimana vyombo kama majirani. Bei ilipofika, kila mtu akaanza kuuliza: nyundo hii ni ya nani?

Mwaka 2017 Bethesda ikafungua njia nyingine: inachagua watengenezaji, inafanya nao kontra, inawalipa. Ni afadhali, ijapokuwa anayechagua ni patro.

Kuna shida nyingine, watu hawaisemi sana. Kompanyi inayotunza mchezo wake wa zamani inasifiwa, na ni haki. Larian, kompanyi ya Ubelgiji, ilitoa Baldur's Gate 3 mwaka 2023, na mwaka uliofuata ikatoa vyombo rasmi vya modi. Lakini matunzo yanaweza kuvunja kazi ya mwingine. Kundi la watu wa kujitolea lilitumia miaka kutengeneza Fallout: London, karibu mchezo mzima juu ya Fallout 4 ya mwaka 2015. Walipanga kuitoa tarehe 23 Aprili 2024. Bethesda ikatangaza kwamba inabadilisha Fallout 4 tarehe 25 Aprili, siku mbili tu nyuma. Kundi likalazimika kusimamisha, likatoa kazi yake tarehe 25 Julai. Ni sawa na kubadilisha mashini kati ya zamu bila kuambia ekipe iliyo chini.

Basi mzazi, kama mtoto wako anatengeneza modi, usimfukuze kwenye ordinatere. (Hata kobalti ya Kolwezi inaingia katika betri za vyombo hivyo.) Umuulize mambo mawili. La kwanza: vitu alivyotumia ni vyake, ao ameomba ruhusa? La pili: amesoma masharti ya kile chombo cha kutengenezea mbele ya kubonyeza "ninakubali"? Mle ndani njo imeandikwa kompanyi inaweza kufanya nini na kazi yake, na kama yeye mwenyewe ana ruhusa ya kuiuza. Ni kurasa nyingi, mara mingi kwa Kiingereza. Mukae pamoja, muisome polepole, kama vile tunasoma kontra ya mgodi.