Karatasi ya Kukusemea Pumu Ikibana

Wajukuu zangu, mmewahi kuona ziwa likifuka moshi? Simama ufukweni Matema, wilayani Kyela, siku ya bahati: wingu jeusi linanyanyuka majini, linapanda juu, linapeperuka. Wala si moshi. Ni nkungu, vijidudu wanaoibuka kwa mamilioni kutoka Ziwa Nyasa. Wako watu wanaowakamata, wakawaponda na kuwala.

Mwenye pumu asifurahie mno. Kule Sudan, kando ya Mto Nile, vijidudu wa jamii ya karibu wanajulikana tangu zamani kwa kubana watu vifua. Ongeza vumbi la mashine ya mpunga, moshi wa vyungu vinavyochomwa kijijini Ikombe, na kuvu la ukutani mvua za Kyela zinaposhinda zikinyesha. Mirija ya hewa huvimba, ikakaza, pumzi ikapiga filimbi.

Sasa mwalimu anamuuliza mtoto aliyebanwa: dawa yako ipi, unavuta mara ngapi? Atajibuje, na pumzi ya kumaliza sentensi hana? Ndiyo maana mpango wa pumu huandikwa.

Daktari huugawa kwa rangi. Kijani: unalala bila kukohoa, unacheza mpira. Hata hivyo dawa ya kuzuia unavuta kama ulivyoandikiwa. Wengi huiacha hapa kwa kujiona wamepona, na pumu huwarudia. Njano: kikohozi cha usiku, filimbi kifuani. Vuta dawa ya kufungua mirija, mara nyingi inhela ya bluu, kwa idadi iliyoandikwa. Nyekundu: maneno hayatoki, mbavu zinaingia ndani, au dawa haisaidii. Keti wima, usilale chali, endelea kuvuta dawa huku ukipelekwa hospitali.

Karatasi ya Kyela lazima iijue Kyela. Anayekaa Ikombe aandike mtumbwi wa nani utamvusha usiku hadi Hospitali ya Kilutheri ya Matema. Bila jina hilo, mstari mwekundu hauna kazi.

Na chupa ya maji ya nusu lita msiitupe. Mwaka 1999 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kuwa, ikitobolewa kitako na kuchomekwa inhela, humfikishia mtoto dawa kifuani vizuri kama kifaa cha dukani cha kuvutia dawa.

Ukienda kliniki, mwombe daktari akuandikie nakala mbili. Moja ibaki nyumbani, nyingine mpe mwalimu wako.