Kukodi Gari Dubai

Dubai magari hupita upande wa kulia, kama Kirolirwe, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya Sake na Kitshanga. Anayebabaika ni dereva wa Mombasa au Kampala, aliyezoea kushoto. Kampuni nyingi hudai pasipoti, leseni ya nyumbani pamoja na ya kimataifa, na kadi ya benki ya kuwekea amana. Ushuru wa barabara uitwao Salik, ulioanza 2007, hauna kizuizi wala karani: mtambo husoma kibandiko kiooni, na deni humfikia aliyekodi baadaye.

Jangwani ni habari nyingine. Mikataba mingi hukataza gari dogo kuingia mchangani. Hata gari aina ya Jeep hupunguzwa upepo ili matairi yatanuke, yasizame. Aliyezoea tope la barabara za Masisi, eneo la Kirolirwe, hatashangaa sana. Upepo hurudishwa kabla ya kushika tena lami.