Saratani ya matiti: Kipimo kinachoamua dawa huanzia chumba cha upasuaji

MWAKA 2005, katika jimbo la Newfoundland na Labrador, mashariki mwa Canada, kilirudiwa kipimo cha mgonjwa wa saratani ya matiti ambaye mwaka 2002 alikuwa ameambiwa kuwa uvimbe wake hauna vipokezi vya homoni ya estrojeni. Safari hii jibu lilikuja kinyume. Sampuli za wagonjwa wapatao elfu moja, zilizopimwa tangu mwaka 1997, zikapelekwa Toronto katika hospitali ya Mount Sinai. Zaidi ya wagonjwa 380 walibainika kuwa walipewa majibu yasiyo sahihi.

Jibu hilo si jambo dogo. Vipokezi ni protini zinazopokea amri ya homoni, na uvimbe wenye protini hizo hukua kwa kuitegemea estrojeni. Dawa ya tamoksifeni huziba njia hiyo. Mwanamke aliyeandikiwa “hasi” kimakosa huikosa dawa ambayo ingeweza kumwokoa.

Ili kuelewa kosa la namna hiyo hutokeaje, yafaa msomaji atenganishe mambo mawili: kuwa na jeni, na jeni hiyo kufanya kazi. Karibu kila seli ya mwili ina jeni zilezile, lakini seli ya ini haifanani na ya jicho, kwa sababu kila moja hutumia baadhi tu ya jeni hizo. Jeni inapotumika, maelekezo yake hunakiliwa kwanza katika ujumbe uitwao RNA, kisha ujumbe huo husomwa na kutengeneza protini. Daftari la mapishi lililofungiwa kabatini halimshibishi mtu.

Ua la petunia lilitoa ushahidi wa ajabu wa jambo hili. Mwaka 1990 watafiti nchini Marekani, akiwamo Richard Jorgensen, waliliongezea ua hilo nakala ya jeni inayosaidia kutengeneza rangi, wakitarajia zambarau iliyokoza zaidi. Baadhi ya maua yakachanua meupe, mengine mabakamabaka. Jeni ilikuwamo, tena kuliko awali. Lakini ujumbe wake ulipopimwa, ulikuwa umepungua mno. Ufafanuzi ulipatikana baadaye, Andrew Fire na Craig Mello walipoonyesha kwa minyoo mwaka 1998 jinsi seli inavyoweza kunyamazisha jeni kwa kuharibu ujumbe wake. Ugunduzi huo uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2006.

Ujumbe huo hupimwaje? Maabara huugeuza kuwa DNA, kisha mashine huiongeza maradufu katika kila mzunguko huku ikiangalia ni mzunguko wa ngapi mwanga unaanza kuonekana. Sampuli inayoonekana mizunguko kumi mapema ilianza na ujumbe mara elfu moja hivi zaidi. Hesabu ni nyepesi, lakini hapo ndipo mtego ulipo. Anayelinganisha jani la mmea uliokumbwa na ukame na jani la mmea uliomwagiliwa hana budi kutumia kama kipimo rejea jeni nyingine isiyobadilika. Ikiwa jeni hiyo nayo huyumba wakati wa ukame, matokeo yote hupotoka. Watafiti wengi walichapisha kazi zao bila kuithibitisha jeni ya rejea, uzembe uliovumiliwa mno, hadi kundi la wataalamu lilipotoa mwongozo mwaka 2009.

Aidha, wingi wa ujumbe si lazima uwe wingi wa protini, kwa kuwa protini nyingine hudumu muda mrefu baada ya ujumbe wake kutoweka. Ndiyo maana katika saratani ya matiti protini yenyewe hutafutwa. Kinyama kilichokatwa huhifadhiwa katika fomalini, hugandishwa katika nta na kukatwa vipande vyembamba sana. Kisha huwekewa kingamwili zinazoing'ang'ania protini inayotafutwa, na mahali zilipo hugeuka rangi ya kahawia.

Ndivyo pia inavyopimwa HER2, protini ambayo huzidi kiwango katika takriban asilimia 15 hadi 20 ya saratani za matiti. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walionyesha kuwa uvimbe wenye nakala nyingi za jeni ya HER2 hurejea mapema. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha dawa ya trastuzumab, inayoilenga protini hiyo. Daktari wa patholojia hutoa alama kuanzia 0 hadi 3. Panapokuwa na alama 2, nakala za jeni huhesabiwa ili kuondoa shaka. Tangu mwaka 2022, ilipoidhinishwa Marekani dawa mpya kwa baadhi ya wagonjwa wenye HER2 kidogo ambao saratani imesambaa, hata tofauti ya 0 na 1 imekuwa na uzito. Tofauti hiyo ni ya rangi hafifu, nayo huamuliwa kwa jicho la binadamu.

Lakini jicho haliwezi kuona kilichokwisha kuoza. Kinyama kikishatengwa na damu, protini na RNA huanza kuharibika, na kisipokaa katika fomalini muda wa kutosha, sehemu ya ndani haihifadhiki. Tume ya uchunguzi ya Canada, iliyoongozwa na Jaji Margaret Cameron na kutoa ripoti mwaka 2009, ilibaini udhaifu mkubwa katika udhibiti wa ubora wa maabara.

Kwa Afrika Mashariki, ambako kinyama huweza kusafirishwa kutoka hospitali ya wilaya hadi maabara ya jiji kubwa, saa hizo zina maana ya pekee. Miongozo ya wataalamu wa Marekani hutaka kinyama kitumbukizwe katika fomalini ndani ya saa moja baada ya kukatwa, kikae humo kati ya saa 6 na 72, na saa zote mbili, ya kukatwa na ya kutumbukizwa, ziandikwe kwenye fomu inayoambatana nacho.