Bawaba za Katwe na Goti la Fundi

Ukipita Katwe jijini Kampala, kando ya barabara iendayo Entebbe, utasikia nyundo kabla hujaliona geti. Mageti, majiko ya mkaa, mashine za kusaga mahindi: karibu kila kitokacho hapa kina mahali pa kukunjika, kuzunguka au kuteleza. Fundi anapochagua bawaba au beringi, anaamua chuma kiende upande gani na kikatae upande gani. Mwili uliochuchumaa mbele ya chuma hicho umefanya uamuzi huohuo, tena kwa ujanja zaidi.

Tazama shingo. Mchomeleaji ambaye mikono yote miwili ina kazi hushusha kinyago chake kwa kuinamisha kichwa ghafla. (Wanaochomelea na miwani ya jua tuwaachie madaktari wa macho.) Kuinama huko, kule kwa kusema “ndiyo”, hufanyika pale fuvu linapokalia pingili ya kwanza. “Hapana” hutoka chini kidogo: pingili ya kwanza huzunguka kijiti cha mfupa kilichochomoza kwenye pingili ya pili, na karibu nusu ya mzunguko wote wa shingo uko hapo. Fuvu lenyewe lina viungo vyake, mishono ambayo kwa mtu mzima haisogei.

Kiwiko ni bawaba kwelikweli: hukunja na kunyoosha, basi. Lakini fundi akishika bisbisi, kazi huhamia kwenye kigasha, ambako mfupa mmoja hujiviringisha juu ya mwenzake. Mkono wa kulia una nguvu zaidi ukigeuza kiganja kuelekea juu, kwa sababu msuli mnene wa mbele ya mkono huvuta upande huo. Ndiyo maana watu wa mkono wa kulia hukaza skrubu kwa raha, halafu ile yenye kutu huifungua kwa matusi.

Bega na nyonga ni ndugu: kichwa cha mviringo ndani ya kikombe. Kikombe cha bega ni cha kina kifupi, hivyo nyundo hupaa kila upande, na gharama yake ni kuteguka kwa urahisi. Cha nyonga kina kina; hakiruhusu mbwembwe nyingi, ila kinabeba mwili.

Goti ndilo linalosingiziwa. Huitwa bawaba, lakini katika hatua ya mwisho ya kunyooka, mfupa wa muundi hugeuka nje kidogo na goti hujifunga, mtu akasimama bila kuchosha sana misuli ya paja. Mafundi wanaochuchumaa, na wanawake wa Buganda wanaopiga magoti kuamkia wakubwa, hulikunja karibu hadi mwisho wake. Ndani yake gegedu huteleza kwa msuguano mdogo kuliko barafu juu ya barafu. Gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo linapobanwa na kuachiwa. Geti huchakaa kwa kufunguliwa, goti hunyimwa chakula lisipokunjwa. Gegedu halina neva pia, kwa hiyo huanza kulika kimyakimya; maumivu yakija, ni ya mfupa na tishu za jirani.

Chuma na kiungo vimekutana vizuri zaidi upande wa pili wa jiji, kwenye barabara ya Gayaza, katika kituo cha Katalemwa Cheshire Home. Huko fundi wa viungo kutoka Uholanzi, Michiel Steenbeek, alibuni kifaa cha watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani. Tiba ya daktari Ignacio Ponseti hunyoosha wayo taratibu kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, zikizungusha mifupa ya wayo chini ya mfupa wa kifundo badala ya kuilazimisha. Baada ya hapo wayo hutaka kurudi ulikotoka. Kifaa cha Steenbeek ni viatu viwili vya ngozi vilivyounganishwa na ufito wa chuma, mguu uliotibiwa ukielekezwa nje kwa takriban nyuzi 70. Ngozi, chuma cha kawaida, vifaa vya fundi viatu na vya fundi chuma: hakuna kinachohitaji kuagizwa ng'ambo. Nyuma ya kila kiatu kuna tundu, ili mama aone kama kisigino kimekaa chini. Mtoto hukivaa karibu mchana na usiku kwa miezi 3, kisha wakati wa kulala tu, hadi afikishe takriban miaka 4.