Mwezi na nusu siyo siku 45!

Ukitembea huku kwetu Bunju, kuanzia barabara ya Bagamoyo mpaka kule Mabwepande, hukosi kuona ukuta umepakwa rangi nyekundu: "Kiwanja hiki hakiuzwi." Nyie vijana mnaokimbilia huku kununua viwanja mnaijua hiyo. Kesi za ardhi ni kama daladala, moja ikiondoka nyingine inaingia. Lakini wapo ambao hawakulizwa na hakimu wala mwenyekiti wa baraza. Wamelizwa na kalenda.

Yupo mzee mmoja mtaani kwetu, mstaafu. Alishindwa kwenye baraza la ardhi la wilaya, hukumu ikasomwa tarehe 2 Machi. Akaambiwa ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Kichwani akatafsiri: mwezi na nusu. Tarehe 17 Aprili akatinga kwa wakili, bahasha ya kaki kwapani, kifua mbele. Wakili akahesabu kwa vidole, akanyamaza.

Hebu tuhesabu wote. Siku ya hukumu yenyewe haihesabiwi, ndivyo Sheria ya Ukomo inavyosema. Siku ya kwanza ni tarehe 3. Machi ina siku 31, kwa hiyo mwezi unakwisha zimeshakwenda 29. Zinabaki 16. Siku ya 45 ni tarehe 16 Aprili, mzee kafika kesho yake! Na Jumamosi na Jumapili za katikati zinahesabiwa zote, msijidanganye. Nafuu ipo tu kama siku ya mwisho imeangukia siku ambayo mahakama imefungwa. Hukumu ya tarehe 12 Machi, kwa mfano, siku yake ya 45 ni 26 Aprili, Sikukuu ya Muungano. Hapo unasogea mpaka mahakama ifunguliwe.

Kilichoniuma ni kwamba mzee angeweza kupona. Siku za kusubiri nakala ya hukumu na tuzo hazitiwi kwenye hesabu. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2021 kwamba siku hizo zinatoka zenyewe, bila kuomba ruhusa, ilimradi kuna ushahidi wa tarehe uliyoomba na tarehe uliyopewa. Sasa mzee aliomba kwa mdomo! Barua yenye mhuri wa mapokezi hana. Angeandika mistari mitatu tu siku ile ya hukumu, leo tungekuwa tunaongea mengine.

Rufaa iliyochelewa ukiipeleka hivyo hivyo, inatupwa. Kilichobaki ni kuomba kuongezewa muda, na hapo hawakuonei huruma kwa mvi zako. Kwenye shauri la kampuni ya Lyamuya Construction la mwaka 2010, Mahakama ya Rufani iliweka mambo ya kupimwa, la kwanza likiwa kueleza siku zote za kuchelewa. Hata moja. Tena hesabu haiishii tarehe 17, inaendelea mpaka siku unayopeleka hayo maombi. Nilimuuliza mzee tangu siku ile alikuwa wapi. "Msibani Rufiji, mwanangu." Tiketi ya basi ipo? Akabaki ananitazama.

Na wala msidhani 45 ni ya kila mahali. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30, na huko rufaa haihitaji kuambatanishwa nakala ya hukumu, kwa hiyo kisingizio cha "nasubiri nakala" hakikusaidii. Wale wa talaka na mirathi, nawaangalia nyie. Kesi ya jinai kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu, unatoa taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10, rufaa yenyewe ndani ya 45. Kesi ya madai kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa ni siku 30, halafu una siku 60 nyingine kuanzia ulipoiwasilisha.

Vijiweni utasikia pia mtu anakwambia una siku 45 za kukata rufaa kutoka baraza la kata. Hiyo ni ya zamani. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, baraza la kata kazi yake ni kusuluhisha tu, halitoi hukumu ya ardhi. Mkishindwa kupatana, kesi mnaianza upya kwenye baraza la wilaya, na siku za rufaa zitahesabiwa kutoka hukumu ya huko.