Fahamu: Kwa nini mahindi ya Meksiko yanaitwa mahindi

Stendi ya Lindi jioni, muuzaji anageuza hindi juu ya makaa mpaka punje zianze kupasuka, kisha analisugua kwa kipande cha ndimu kilichochovywa kwenye chumvi na pilipili. Jina lake, hindi, limetokana na Uhindi. Asili yake ni Meksiko.

Huko, yapata miaka 9,000 iliyopita, wakulima wa bonde la Balsas waliiendeleza nyasi ya porini ikawa zao. Huku pwani yetu, msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, hapakuwa na hindi hata punje. Chakula kilikuwa mtama. Mahindi yalivuka bahari baada ya mabaharia wa Hispania kufika Amerika mwaka 1492, katika zama za Wareno, waliojenga ngome Kilwa Kisiwani mwaka 1505. Kwa watu wa pwani, kigeni kilichotoka ng'ambo kilikuwa cha Kihindi. Wala si sisi peke yetu: Waitalia huyaita nafaka ya Kituruki, na Waturuki huyaita *mısır*, yaani Misri. Kila mtu alimsingizia jirani.

Pilipili ya muuzaji wetu nayo ilichukua jina la pilipili manga, iliyotangulia kufika.

Kilichobaki njiani ni upishi. Wameksiko huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, ganda likatoka na lishe ikaongezeka. Mahindi hayo huitwa *nixtamal*, neno la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko, lenye majivu ndani yake. Kilwa chokaa ya matumbawe ilikuwapo tele. Ikaishia kwenye kuta za misikiti na kwenye tambuu.